Shamba Lililoshuka Yaeda

Kornelia alirudi Maretadu asubuhi akitokea Dongobesh, alikolala kwa ajili ya kipaimara cha mtoto wa kaka yake. Alibadilisha nguo, akanywa chai ya rangi na kiazi kilichobaki, akachukua jembe kwenda kupalilia. Shambani kwake si mbali. Ukipita zizi la mbuzi, ukapita choo, shamba linaanza. Siku hiyo zizi lilikuwepo na choo kilikuwepo, ila shamba halikuwepo.

Alisimama pale lilipokuwa linaanzia. Kilichobaki ni sakafu ya mawe na udongo wa njano, ule mgumu ambao jembe likiugonga linarudi juu lenyewe. Mpaka wake na Scolastica, jirani yake, ulikuwa umenyooka vizuri. Upande wa Scolastica mahindi yalikuwa yanafika magotini, na upande wa Kornelia kulikuwa na shimo ambalo mtu akichuchumaa ndani yake haonekani. Mahindi yalikuwa yameondoka pamoja na maharage yaliyoanza kutoa maua. Kwenye kona ya juu, ile inayotazamana na mlango wa nyumba, palikuwa na kaburi la binti yake Lucia, lenye msalaba wa mbao uliopakwa rangi ya bluu. Kaburi nalo lilikuwa limeondoka na shamba.

Scolastica alikuwa anapalilia upande wake. Walisalimiana, wakaulizana habari za kipaimara. Kisha Scolastica akasema lilitoka jana mchana, na alidhani Kornelia ana taarifa, kwa sababu lilionekana kama linajua linakokwenda.

"Lilitoka polepole," alisema. "Halikuangusha hata hindi moja."

Kornelia aliuliza lilielekea wapi. Scolastica akaonyesha kwa kidevu upande wa machweo, kule nchi inakokatika na kushuka bondeni Yaeda.

Watu wa huku wanajua kwamba udongo unatembea. Wamesikia, na wengine wameona kwa macho, matope yalivyoshuka kutoka mlimani kule Katesh, na wapo waliokwenda kuzika ndugu. Lakini yale yalikuja na maji na kelele. Shamba la Kornelia liliondoka siku kavu, mchana kweupe, kama mgeni aliyegundua kuwa wenyeji wamemchoka. Ndiyo maana hakuna aliyepiga yowe.

Lucia alikuwa na miaka saba homa ilipomchukua. Baba yake, Margwe, alikuwa amekwenda Mererani kutafuta mawe ya thamani, na mpaka leo anayatafuta. Nyumbani kwa Kornelia ndama hulala ndani, na Lucia alikuwa analala kati ya mama yake na ndama, kwa sababu hakupenda kulala pembeni. Alipofariki, Kornelia alikataa azikwe mbali. Alichagua kona ile ili akikaa mlangoni auone msalaba, na kila jioni akienda kufungia mbuzi alipita pale akampa mtoto habari za siku: mbuzi mweupe kazaa, bibi yako anaumwa mgongo, mvua haijafika kwetu ila kwa wenzetu imenyesha. Hakuwa na wazimu. Alitaka tu mtoto asijione yuko pembeni.

Sasa inabidi lielezwe shamba lilikuwaje kabla ya kuondoka. Kwa watu wa vilima hivi, tuta si tuta tu. Lilianzwa na babu wa mtu, na kila msimu wa palizi magugu hayatupwi; yanalazwa kwenye mfereji, yanafukiwa, na mwaka unaofuata tuta linahamia pale yalipooza. Kwenye kingo kunaachwa ukanda wa majani ambao jembe haliugusi, hata mwenye shamba awe na njaa ya ardhi namna gani. Ukisimama ng'ambo, mlima mzima unauona umekunjwa mikunjo kutoka juu mpaka chini, na maji ya mvua yanaposhuka yanalazimika kupiga hodi kwa kila mmoja.

Ukaja Mradi wa Shamba Pana. Ulikuja na gari safi na maneno mazuri, na si haki kusema ulikuja kwa nia mbaya. Ulikuwa na ramani moja kubwa yenye rangi mbili. Juu, Maretadu, rangi ilikuwa ya njano: vishamba vyote viunganishwe viwe bloku moja, mbegu moja, mbolea moja, trekta lipite moja kwa moja bila kugeukageuka. Chini, Yaeda Chini, rangi ilikuwa ya kijani: malisho na mapori yatunzwe, kilimo kisiingie. Bwana shamba, Nikolausi, ambaye ni mtoto wa hapahapa Mbulu, alieleza kwenye mkutano kwamba matuta yanakula ardhi na yanazuia trekta. Mambo yote mawili yalikuwa ya kweli. Watu waliuliza habari za maharage, wakaambiwa maharage hayamo kwenye mpango. Wakanyoosha mikono, kwa sababu wamechoka kuitwa watu wa jembe la mkono, na kuchoka huko nako kulikuwa kwa kweli.

Trekta lilivunja matuta kabla ya mvua. Kornelia alimwomba dereva aiangalie ile kona, na dereva alikuwa muungwana. Alizunguka kaburi na kuvua kofia. Mwaka ule mavuno yalikuwa mazuri, wakaja watu kupiga picha. Mwaka wa pili Kornelia alichomeka maharage katikati ya mahindi bila kumwambia mtu, na kabla hajayapalilia mara ya pili, shamba likaondoka.

Majirani walikuja kumpa pole. Hawakujua desturi ya kufuata kwa jambo la namna hii, kwa hiyo walifuata ya msiba: walileta unga na maziwa, wakakaa, wakazungumzia mambo mengine. Nikolausi naye alikuja. Aliingia shimoni na chombo chake cha kupimia, akazunguka pembe zote nne, akasema kwamba kwa mujibu wa ramani shamba la Kornelia bado lipo, maana pembe zake hazijasogea. Siku ya kuweka mbolea ya kukuzia trekta lilikuja kama lilivyopangwa. Lilishuka shimoni, likamwaga mbolea juu ya mawe kwa mstari ulionyooka, likapanda upande wa pili na kuendelea kwa Scolastica. Kornelia alikuwa amekaa mlangoni, analitazama.

Jioni hazikuwa na pa kwenda. Alifungia mbuzi, kisha akasimama pale choo kinapoishia akiwa na habari zake za siku mdomoni, na hapakuwa na wa kuambiwa.

Habari ililetwa na Abdulswamad. Huyu ni mfanyabiashara wa Dongobesh ambaye pikapu yake hushuka Yaeda Chini na sukari, sabuni na unga, na kupanda na mbuzi. Ni Mwislamu, lakini misiba ya Maretadu haikosi, na siku Lucia alipozikwa yeye ndiye aliyeleta maji ya kunywa. Alisimamisha gari, akasalimia, akakaribishwa kiti na kukaa kwanza, kama inavyotakiwa unapokuwa na neno zito.

"Mama Lucia," alisema, "shamba lako nimeliona. Limekaa kule chini, karibu na kwa mzee Gidahosh. Na mtoto yupo."

Kornelia alifunika uso kwa khanga. Abdulswamad akatazama mbuzi mpaka mwenzake alipomaliza kulia, kisha akamwambia kesho anashuka tena na kiti cha mbele ni chake.

Njia ya kushuka Yaeda si barabara. Ni makubaliano kati ya gari na mawe. Walifika jua likiwa limeshakuwa kali. Bonde lilikuwa kavu na pana, miti ya miiba huku na huku, na mbele kabisa ziwa la chumvi likiwa jembamba kwa mbali. Katikati ya nyasi za rangi ya majivu shamba la Maretadu lilikuwa limelala, jeusi, na mahindi yake ya kijani na maharage yenye maua. Lilikuwa limejilaza upande uleule, kona ya juu bado imeelekea mlimani. Wahadzabe wanaopita pale wakifuata asali walikuwa wameshafungua njia mpya ya kulizunguka.

Mzee Gidahosh alikuwa amesimama pembeni na fimbo yake. Kornelia alimpa shikamoo, naye akaitikia marahaba na kuuliza kama yeye ndiye mwenye shamba. Yeye nyumbani anasema Kidatoga na Kornelia anasema Kiiraqw, kwa hiyo waliongea Kiswahili, taratibu, na lugha ambayo si ya nyumbani haimpi mtu nafasi ya kuzungusha maneno. Mzee alieleza kwamba shamba lilikuja wakati ng'ombe wanakwenda kunywa. Liliwasubiri ndama wapite. Kisha likalala juu ya majani aliyokuwa ameyatunza kwa ajili ya kiangazi, na hakufurahi.

"Nilitaka kulifukuza," alisema. "Halafu nikaona lina mtoto."

Ng'ombe wake walikuwa wamekonda, mbavu zinahesabika, na mahindi yalikuwa pale hatua chache, lakini hakuna jani lililoliwa. Mke wake mkubwa alikuwa amezungushia kaburi miiba, kwa sababu ya fisi. Kornelia alikwenda akakaa chini pembeni ya ile miiba. Alimwambia Lucia habari zote zilizokuwa zimelundikana, kuanzia kipaimara. Katikati ya habari ya mbuzi alifuta uso kwa khanga, akaendelea. Baadaye alichukua jembe, akapalilia mpaka Abdulswamad alipopiga honi.

Kabla ya kuondoka alimuuliza mzee kama shamba litakaa. Mzee alimwonyesha mawe aliyoyapanga ardhini. Kila ikinyesha kidogo, shamba lilikuwa linayapita, likishuka kuelekea ziwani. Hakuona sababu ya kumficha.

"Halina kitu cha kulishika," alisema.

Yapo mambo aliyojaribu Kornelia. Alijaza udongo kwenye magunia, Abdulswamad akayapandisha mpaka Maretadu. Asubuhi magunia yalikuwa yamelala matupu yamekunjwa, na udongo umesharudi zake. Aliwaza kumfukua mtoto na kumrudisha nyumbani. Wazee walisema aliyelala hafukuliwi, na padri alisema hivyohivyo kwa maneno marefu zaidi. Hata kama wangemruhusu, nyumbani palikuwa na jiwe, na kwa Scolastica udongo ulikuwa umeanza kutikisika kila trekta likipita. Hapakuwa na mtu kwenye bloku nzima aliyeweza kuahidi kwamba ardhi yake mwakani itakuwepo. Kornelia hakutaka kumhamisha Lucia kutoka safari moja kumtia kwenye nyingine.

Ndipo akaita watu kazini. Hii ni desturi ya zamani kule juu na bado ina nguvu. Ukiwa na kazi inayokushinda, unatuma neno, unapika makande, unaandaa pombe ya mtama, na watu wanakuja na majembe. Aliyeitwa haulizi kazi ni gani. Kuuliza ni kumpima mwenzako, na hakuna anayetaka siku yake ikifika naye apimwe. Na ukishafika na jembe, huwezi kurudi nalo likiwa safi. Jembe lililofika likarudi bila kazi linaacha njaa kwa mwenye shamba. Hivyo ndivyo wanavyoamini, Wakatoliki na Walutheri na wasiosali kabisa.

Watu walishuka, wengine kwa pikapu, wengi kwa miguu. Walipofika na kuona, waliweka mizigo chini. Walipima mteremko kwa macho na kugawana. Walijenga matuta kama ya babu zao, kwa kukata upande, magugu chini, udongo juu, na kwenye kingo wakapanda majani waliyong'oa njiani. Wake wa Gidahosh walileta maziwa. Alasiri, tuta la mwisho lilipofungwa, shamba lilitulia. Wote walilisikia likitulia, kama ng'ombe anayejilaza, na pumzi yake ikapita kwenye miguu yao. Mvua iliyofuata haikulisogeza. Ilipiga hodi kwa kila tuta na kukaribishwa. Maharage yalikomaa, Kornelia akavuna, nusu akamwachia mzee kwa ajili ya majani yake. Zilikuwa wiki nzuri. Alikuwa anashuka kila gari liliposhuka, na aliporudi alilala usingizi.

Watu wa mradi walipita na gari lao wakikagua upande wa kijani. Walisimama. Udongo unaopita hawakuwa na shida nao, maana udongo hauna kwao na huenda unapotaka. Lakini matuta ni kilimo. Penye matuta pana mkulima, na kwenye kijani mkulima haruhusiwi. Neno likatoka kwamba matuta yaondolewe, na mtu wa kulipeleka alikuwa Nikolausi.

Alimkuta Kornelia kaburini, anang'oa nyasi. Alimpa shikamoo, maana Kornelia ni wa umri wa dada yake mkubwa. Alisema alichotumwa. Kornelia alimsikiliza mpaka mwisho.

"Bwana shamba, mkivunja matuta litaingia ziwani."

"Najua, mama."

"Mtoto wangu yumo."

Nikolausi alichuchumaa. Alikuwa na ramani mkononi, imekunjwa, na aliikunja tena.

"Najua," alisema. "Kwenye ramani hapa ni majani tu, mama. Nimewaambia. Wameniuliza kaburi ni matumizi gani ya ardhi."

Mzee Gidahosh alisogea akasema majani yaliyofunikwa ni yake, na yeye hajalalamika kwa mtu. Nikolausi alimjibu kwa adabu kwamba mpango umetengenezwa kwa ajili yake, kulinda malisho yake. Mzee aliuliza kama yeye mwenyewe anaweza kuyatoa malisho yake kwa mtoto. Nikolausi alisema hilo litahitaji mpango mwingine, na mpango huu ni wa miaka kumi. Machozi yalimlengalenga. Alikuwa mtu mzuri, na uzuri wake haukuwa na kazi ya kufanya pale.

Mradi haukuwa na vibarua. Mwenyekiti wa kamati yake kule juu, mtu anayejua desturi, alituma neno kwa majirani: kuna kazi, njooni na majembe. Hawakuuliza kazi gani. Walipofika bondeni na kukuta ni matuta yao wenyewe yanayotakiwa kuvunjwa, walisimama kwenye mstari na majembe mabegani. Kurudi na majembe safi ni kumwachia Kornelia njaa, na njaa ya namna hiyo hufuata mpaka kwa wajukuu. Kupiga jembe ni kumpoteza mtoto wake. Walimtazama yeye, wakisubiri aseme, kwa sababu shamba ni lake.

Kornelia angeweza kuwaambia warudi. Mpaka leo wapo wanaosema angewaambia tu, na njaa ingekuja wangeikabili. Lakini alikuwa mtu wa kule juu, aliyelelewa kule juu, na jambo lenyewe halikumwingia akilini kama jambo linalowezekana. Watu walikuwa wamefika shambani kwake na majembe. Aliazima vyungu kwa mke mkubwa wa Gidahosh, akawasha moto, akawapikia.

Walivunja taratibu. Walianzia chini, wakipanda. Walipofika karibu na kaburi walipiga jembe kwa upole, udongo ukashuka bila kishindo. Scolastica alikuwa analima na kulia kwa pamoja, na kamasi zinamtiririka. Kornelia alikwenda akamshika mkono, akamwambia aje ale kwanza. Wote walikula. Chakula kilikuwa kizuri, na hakuna aliyeweza kukisifu.

Shamba liliondoka alasiri, bila mvua. Lilijiinua kidogo, likaanza kushuka kwa mwendo wa mtu anayesindikiza mgonjwa. Watu waliweka majembe chini, wakalifuata huku na huku, kama wanavyofuata jeneza. Mzee Gidahosh alikuwa amewaondoa ng'ombe njiani. Kwa kuwa kaburi lilikuwa kona ya juu, lilikuwa la mwisho. Kornelia alitembea pembeni yake akiwa ameshika msalaba. Upande wa chini wa shamba uliingia majini, mabua ya mahindi yakazama yakiwa yamesimama, kisha katikati. Maji yalipomfika magotini, na matope yalipoanza kumvuta miguu, mzee alimwita kutoka nyuma, mara moja, kwa sauti ya kawaida. Kornelia aliachia.

Alikaa ukingoni mpaka majirani walipomnyanyua. Moyo ulikuwa umevunjika, na hakuna njia nyingine ya kulisema hilo. Alipandishwa nyumbani kwa pikapu. Abdulswamad aliendesha taratibu kuliko siku zote, na alipomshusha nyumbani alizima gari, akakaa naye nje kidogo.

Upande wa kijani ulirudi kuwa kijani. Majani yalianza kuota pale shamba lilipokuwa, na mradi uliyahesabu kama mafanikio. Shamba la Scolastica liliondoka mvua zilizofuata. Alilisindikiza mpaka ukingo wa bonde, akarudi kupika. Baada yake yaliondoka mengine, moja moja, na madereva wa njia ya Yaeda siku hizi wanajua kupisha. Wanasimama pembeni, shamba linapita, wanaendelea. Trekta bado linakuja Maretadu kila msimu. Linapanda mbegu kwenye mawe, mstari umenyooka, na kwa kuwa pembe za bloku hazijasogea, bloku inahesabiwa kuwa kamili. Nikolausi amehamishiwa Dirma, upande wa Hanang, ambako matuta yalikuwa bado hayajavunjwa. Wanasema anaanza mkutano kwa kueleza faida za matuta, vizuri kabisa, mpaka wazee wanatikisa vichwa kwa kukubali, kisha anafungua ramani.

Kiangazi kilipokolea, ziwa lilikauka, kama linavyokauka. Kornelia alishuka. Alidhani shamba atalikuta limelala chini, hata kama mahindi yameoza. Lakini chini palikuwa peupe tupu, chumvi iliyopasukapasuka, kutoka ukingo mmoja mpaka mwingine, na ng'ombe wa Gidahosh wanairamba. Hapakuwa na udongo mweusi popote, wala kijiti cha bluu.

Alimwomba mzee amwonyeshe ni wapi kaburi lilipozamia. Mzee alitembea naye kwa muda, akasimama, akanyoosha fimbo, akaizungusha taratibu upande wa kulia, akairudisha. Alisema inaweza kuwa hapa, inaweza kuwa kule kwenye wale ng'ombe, na hataki kumdanganya. Kisha akaondoka ili ampishe.

Kornelia alichagua mahali, akakaa juu ya chumvi, akakusanya khanga. Alianza habari za siku: mbuzi, bibi, Scolastica anakaa kwa dada yake sasa. Alizisema kwa sauti kubwa kidogo kuliko alivyozoea, kwa sababu hakuwa na uhakika mtoto yuko upande gani.